Lori Kuukuu na Mtu Alitunzaye

Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Maneno hayo husemwa zaidi juu ya ndoa na urafiki, lakini juma hili nataka tuyapeleke barabarani, tuzungumze habari za malori ya zamani ambayo yangali yakifanya kazi.

Kila msomaji ameyaona. Yana pua ndefu, bodi ya mbao, na rangi iliyopakwa juu ya rangi nyingine hata haijulikani ya kwanza ilikuwa ipi. Hubeba mchanga, mawe ya kujengea, maji, kuni na majani ya ng'ombe. Wako watu wanaoyacheka, wakisema kuwa ni chuma cha kuuzwa kwa kilo. Wako na wengine wanaoyapenda mno, ambao wakisikia ngurumo ya injini ya zamani husimama kando ya njia na kutaja namna ya lori kabla halijatokea kwenye kona.

Je, ni nani kati yao asemaye kweli? Mimi naona hivi: lori kuukuu linastahili heshima, lakini heshima yake haitoki katika wingi wa miaka yake. Hutoka katika mikono ya mtu alitunzaye. Pasipo mtu huyo, lori hilo si kitu cha kusifiwa, bali ni hatari itembeayo.

ASILI YA BEDFORD

Na tuchukue malori ya Bedford kuwa mfano, maana jina hilo wanalijua wazee wengi wa nchi hii. Mwaka 1925 kampuni ya General Motors ya Marekani iliinunua kampuni ya Vauxhall, yenye kiwanda katika mji wa Luton, Uingereza. Mwaka 1931 likatoka hapo lori la kwanza lililoitwa Bedford, la kubeba tani 2. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda kikatoa magari ya jeshi yapatayo 250,000. Amani iliporudi, Bedford zilienea katika nchi nyingi za dunia. Tangazo lao la biashara lilijisifu kwamba utaziona kila mahali, na kwa miaka mingi tangazo hilo halikuwa mbali na kweli.

Mwaka 1959 ikatolewa namna iliyoitwa TK, isiyo na pua. Injini yake iliwekwa nyuma ya viti, na fundi aliweza kuifikia kwa kufungua vifuniko vya ubavuni. Hapa kwetu, kiwanda cha General Motors cha Nairobi, kilichoanza kuunganisha magari mwaka 1977, kiliunganisha Bedford pamoja na Isuzu. Lakini huko Uingereza mambo yaligeuka. Mwaka 1987 General Motors iliuza kazi yake ya malori makubwa, na mwaka 1992 kampuni iliyoinunua ikaanguka. Kiwanda chetu cha Nairobi nacho, tangu mwaka 2017, kinaitwa Isuzu East Africa. Kwa hiyo Bedford nyingi tunazoziona leo zimepita umri wa miaka 30, na nyingine zimewazidi madereva wao umri.

MAGARI YALIYOAMSHWA USINGIZINI

Mtu asemaye kwamba gari la zamani halina faida na asikie habari hii. Baina ya mwaka 1953 na 1956 serikali ya Uingereza ilitengenezewa magari mengi ya kuzimia moto juu ya chasisi za Bedford, kwa hofu ya vita vya mabomu ya atomiki. Yalipakwa rangi ya kijani, na watu wakayaita "Green Goddess," maana yake mungu wa kike wa kijani. Vita hivyo havikuja. Mwaka 1968 kikosi cha akiba kilichokuwa na magari hayo kikavunjwa, na magari mengi yakawekwa ghalani.

Mwaka 1977 wazima moto wa Uingereza waligoma kwa ajili ya mishahara. Serikali ikafungua maghala, askari wa jeshi wakapanda magari yale ya kijani na kwenda kuzima moto. Mwaka 2002 mgomo ukatokea tena, na zaidi ya magari 800 ya namna hiyo yakatolewa, nayo yalikuwa yamekaribia umri wa miaka 50. Tusiyasifu kupita kiasi. Mwendo wao ulikuwa kama maili 45 kwa saa, usukani wao ulikuwa mzito, wala hayakuwa na vyombo vya kisasa vya kukatia vyuma ili kuwatoa watu waliobanwa ndani ya magari. Hata hivyo yaliwaka, yakaenda, yakapiga maji. Baadaye serikali iliyauza, na baadhi yao yakaletwa Afrika.

Sasa jiulize, msomaji: gari linalokaa ghalani miaka mingi huwakaje siku linapotakiwa? Si kwa bahati. Ni kwa kuwa katika miaka yote hiyo, ambayo hakuna aliyeyahitaji, walikuwako watu wenye kazi ya kuyaangalia na kuyatengeneza. Hilo ndilo fundisho la kwanza.

WAPENDAO KWA MOYO NA WAPENDAO KWA TUMBO

Huko huko Uingereza, mwaka 1958, wapenzi wa magari ya zamani ya biashara walianzisha chama chao. Mwaka 1962 walifanya safari yao ya kwanza kutoka London mpaka mji wa Brighton ulio pwani, mwendo wa maili 60 hivi. Safari hiyo imekuwa desturi ya mwezi wa Mei. Malori, mabasi na magari ya kuzimia moto hupita yakiwa yamesuguliwa hata yang'ae, na watu hukaa kando ya barabara kuyapigia makofi.

Watu hao hupenda kwa moyo. Lori lao likiharibika, hukaa bandani mwaka mzima likingoja chombo kimoja, wala hakuna mtoto anayelala na njaa. Mwenye lori wa kwetu hupenda kwa tumbo. Lori likilala siku tatu, karo ya shule hulala pia. Vivyo hivyo huko Pakistan, ambako Bedford za zamani hupambwa kwa rangi na michoro mpaka chuma hakionekani, kisha hubebeshwa mizigo na kupandishwa milimani.

Lakini ukitazama sana, utaona kwamba watu hawa wote wana elimu moja. Fundi wa jua kali anayesikiliza injini na kusema, "Valvu ya tatu imelegea," na mzee wa Kiingereza anayefanya vile vile bandani mwake, wangeelewana bila mkalimani.

KWA NINI HUDUMU

Lori la zamani hudumu kwa sababu halina siri. Halina kompyuta ya kulizima kwa sababu ya waya mmoja. Injini ya petroli hutaka mambo matatu tu: mafuta, hewa, na cheche kwa wakati wake. Moja likikosekana, fundi hulitafuta kwa macho, kwa sikio na kwa pua. Springi ikivunjika, hutolewa jani lile moja lililovunjika na kuwekwa jingine.

Lakini wepesi huo una bei yake, nayo hulipwa kila juma. Viungo vya lori la zamani vyataka kutiwa grisi mara kwa mara. Mwenye kusahau grisi leo atanunua chuma kesho. Tena, injini nyingi za petroli za zamani zilitengenezwa kwa petroli yenye madini ya risasi, ambayo yalilinda mahali valvu zinapokalia. Tangu mwaka 2006 petroli hiyo haiuzwi tena nchini, kwa kuwa risasi hudhuru akili za watoto, na ni vyema iliondolewa. Hata hivyo mwenye injini ya namna hiyo inayofanya kazi nzito ajue kwamba yafaa iwekewe vikalio vya valvu vya chuma kigumu, ama zitalika upesi.

HABARI YA BREKI

Sasa tufike kwenye jambo zito kuliko yote. Malori mengi ya zamani yana breki za mafuta zenye njia moja tu. Bomba moja likipasuka, mafuta yote humwagika na magurudumu yote hukosa breki kwa pamoja. Katika magari ya baadaye njia hizo ziligawanywa mbili, ili moja ikifa nyingine isaidie. Na katika malori mengi ya sasa yenye breki za upepo, upepo ukiisha, springi zenye nguvu huzikamata breki na gari husimama. Lori kuukuu halina rehema hiyo.

Tena breki hupata moto. Dereva akishuka mteremko mrefu huku amekanyaga breki tu, huchemka na kupoteza nguvu. Dawa yake ni ya kale: ingia mteremko kwa gia ndogo, uiache injini ikuzuie. Lakini wako madereva wanaotoa gia ili gari lishuke lenyewe, wakitaka kuokoa mafuta ya shilingi chache. Barabara ya Salgaa, baina ya Nakuru na Eldoret, imekula watu wengi, na tabia hiyo imetajwa mara nyingi kuwa moja ya sababu. Waliokufa huko hawakuwa madereva wa malori tu. Walikuwamo abiria wa mabasi na matatu, watu ambao hawakuulizwa kama wanakubali kuhatarishwa kwa ajili ya akiba ya mtu mwingine.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Nalipenda lori langu la zamani," humwuliza, "Mabomba ya breki uliyabadili lini?" Sheria yetu hutaka magari ya biashara yakaguliwe kila mwaka. Lakini mwaka una siku 365, na mkaguzi huliona lori siku moja tu.

KWA MKULIMA ATAKAYE KUNUNUA

Najua kwamba baadhi yenu, mkipokea fedha za kahawa au za maziwa, huwaza kununua lori kuukuu, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Si wazo baya, lakini lifikirini kwa utaratibu.

Kwanza, tazama chasisi kabla ya rangi. Lala chini, utafute nyufa na mahali palipochomelewa. Rangi mpya juu ya chasisi iliyovunjika ni kama kanzu safi juu ya kidonda.

Pili, linganisha nambari ya chasisi na ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Zikihitilafiana, rudi nyumbani na fedha zako.

Tatu, washa injini ikiwa baridi, utazame moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Moshi mweupe usiokwisha baada ya injini kupata joto huenda ukawa maji yanayoingia ndani. Ukikuta oili katika maji ya rejeta, gasketi imekwisha, au pengine jambo kubwa zaidi.

Nne, enda na fundi wako mwenyewe, si fundi wa muuzaji.

Tano, weka akiba. Mtu anayetoa fedha zake zote katika kununua, asibakize za kutengeneza, amenunua mzigo wala si mbeba mizigo.

Na mwenye lori ambaye ana fundi mzee ampe kijana wa kufuatana naye. Siku moja mzee atakwenda zake, na kama hakumfundisha mtu, malori yote aliyoyajua yatakufa pamoja naye, ingawa chuma chake bado ni kizima.

Wapenzi wasomaji, kitunze kidumu. Na kama huwezi kukitunza, kiuze kwa kilo, wala usione haya. Afadhali chuma chakavu sokoni kuliko maiti barabarani. Tuonane juma lijalo.