Seli Shina na Vidonda vya Tumbo: Ipi Tiba, Ipi Biashara

Na Mwandishi Wetu, Kibaigwa

Msimu wa mavuno unapowadia, soko la mahindi la Kibaigwa wilayani Kongwa hufurika magunia, malori na fedha taslimu. Penye fedha hapakosekani wauza matumaini. Miongoni mwa bidhaa zinazonadiwa nchini katika miaka ya karibuni ni pakiti za unga unaoitwa "seli shina", unaodaiwa kuponya vidonda vya tumbo pamoja na maradhi mengine mengi.

Dai hilo limejiegemeza kwenye jambo la kweli. Mwaka 2021 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto kwa wagonjwa wa saratani ya damu, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikawapandikiza watoto wenye selimundu. Seli shina zinazotumika huko ni hai, hutoka kwa mgonjwa mwenyewe au kwa ndugu anayelingana naye kinasaba, na mgonjwa hulazwa kwa wiki kadhaa. Unga wa tunda, kwa upande wake, ukifika tumboni humeng'enywa kama chakula kingine chochote.

Kwa vidonda vya tumbo, tiba ya seli shina ingali katika hatua ya utafiti, zaidi kwa wanyama wa maabara. Mkulima wa Kongwa hana sababu ya kuisubiri. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kubaini kuwa vidonda vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Marshall alifikia hatua ya kumnywa bakteria huyo ili kuthibitisha hoja yake. Mgonjwa hupimwa choo au pumzi, kisha hupewa antibiotiki mbili na dawa ya kupunguza asidi, aghalabu kwa siku 14. Akiacha dozi njiani kwa kuwa maumivu yametulia, bakteria hubaki.

Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, ambazo wachukuzi wengi wa mizigo humeza bila ushauri. Aidha, si kila kiungulia ni kidonda. Ndiyo maana kipimo hutangulia dawa.

Mwananchi anaweza kuuliza Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) iwapo dawa anayouziwa imesajiliwa. Anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami afike hospitali siku hiyohiyo.