Wafu wa Goma wahesabiwe kwa majina

Februari 2025, wiki chache baada ya mji wa Goma kuangukia mikononi mwa waasi wa M23, Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Judith Suminwa, aliliambia Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa mjini Geneva kwamba zaidi ya watu 7,000 wamekufa mashariki mwa nchi yake tangu mwaka uanze. Miili zaidi ya 2,500, alisema, imezikwa bila kutambuliwa. Mapema mwezi huo Umoja wa Mataifa ulikuwa umetaja maiti karibu 2,900 katika Goma peke yake. Takwimu hizo zimerudiwa mara nyingi tangu hapo. Orodha ya majina haijawekwa hadharani na Kinshasa, na M23, wala na Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo Kongo na Rwanda zote ni wanachama wake.

Asiyeona uzito wa orodha hiyo arejee hukumu ya The Hague. Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Suala la Uganda kuwajibika kisheria lilikuwa limekwisha amuliwa tangu 2005. Kilichokosekana ni ushahidi wa nani aliuawa, wapi, na kwa mkono wa nani. Kongo ilitaja raia 180,000 waliokufa. Majaji hawakuridhika na vielelezo, wakaishia kwenye makadirio ya kati ya 10,000 na 15,000. Hawakusema kwamba waliobaki wako hai. Walisema hawakuthibitishwa.

Hata hicho kidogo kilichopatikana hakikuwa salama. Septemba 2025, mahakama ya Kinshasa ilimtia hatiani aliyekuwa Waziri wa Sheria kwa ubadhirifu wa dola milioni 19 za mradi wa gereza huko Kisangani, fedha zilizotajwa kuwa zilichotwa kwenye mfuko wa fidia ya wahanga wa vita hivyohivyo. Alikana. Serikali inayopaza sauti Geneva kwa niaba ya wafu ina deni la maelezo nyumbani.

Leo kosa la kutowaandika wafu linajirudia, na safari hii mbele ya macho ya kila mtu. Tarehe 9 Februari 2025, M23 iliwapa watu waliokuwa kambini pembezoni mwa Goma saa 72 waondoke. Bulengo, Lushagala na nyinginezo zilizokuwa zimehifadhi mamia ya maelfu ya watu zikabomolewa turubai kwa turubai. M23 ikadai kwamba watu wamerudi kwao kwa hiari. Anayepewa siku tatu na mtu mwenye bunduki hana hiari ya kuzungumzia. Na kambi ikivunjwa, hutoweka pia majirani waliojua mtoto yupi alipotea njiani na mzee yupi alizikwa kando ya barabara.

Yaliyowakuta baadhi ya watu wa vijijini yanajulikana. Kwa mujibu wa Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, raia wasiopungua 319 waliuawa katika vijiji vya Rutshuru kati ya tarehe 9 na 21 Julai 2025, wengi wao wakulima waliopiga kambi mashambani katika msimu wa kupanda. M23 ilikana. Kukana ni haki yake. Kuzuia uchunguzi huru si haki yake. Mkono unaoshika utawala wa Goma na Rutshuru, unaokusanya ushuru na kuteua viongozi, hauwezi kudai kwamba haujui makaburi mapya yako wapi.

Rwanda nayo haina pa kujificha. Azimio namba 2773 la Baraza la Usalama, la Februari 2025, liliitaka iache kuisaidia M23 na iondoe majeshi yake katika ardhi ya Kongo. Kigali husema inachukua hatua za kujihami dhidi ya FDLR, kundi la waasi wa Kihutu kutoka Rwanda lililoko Kongo. Hoja ya usalama wa mpaka ina historia nzito na haipaswi kudharauliwa, lakini haimwondolei yeyote wajibu wa kueleza waliouawa upande wa pili wa mpaka huo. Wala Kinshasa haiwezi kuyafumbia macho makosa ya jeshi lake na ya wanamgambo wa Wazalendo iliowapa silaha: wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza Septemba 2025 kwamba pande zote huenda zimetenda uhalifu wa kivita.

Mikutano haikukosekana. Marais wa Afrika Mashariki na Kusini walikutana Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025 na kudai mapigano yasitishwe. Mkataba kati ya Kongo na Rwanda ulitiwa saini Washington mwezi Juni, na marais wa nchi hizo mbili wakauthibitisha huko tarehe 4 Desemba. Kabla wiki haijaisha M23 iliuteka mji wa Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kuingia Burundi. Wakati huohuo tume ya uchunguzi iliyoundwa Geneva ilikaa miezi mingi bila kuanza kazi kwa kukosa fedha. Mataifa yanayogharimia misafara ya wapatanishi yalishindwa kuwalipia wachunguzi wachache.

Arusha kuna kesi inayosubiri. Tarehe 26 Juni 2025, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba ina mamlaka ya kusikiliza mashtaka ya Kongo dhidi ya Rwanda. Siku itakapofika ya kuthibitisha madhara, Kongo itaulizwa maswali yaleyale ya The Hague. Serikali yake ianze sasa: ichapishe majina ya waliotambuliwa, ieleze ilivyofikia idadi ya 7,000, na ipeleke mawakili wake kuchukua maelezo ya wakimbizi walioko Burundi, Uganda na katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, ambako hakuna mpiganaji wa kuwazuia kusema. Nchi zinazowapokea ziruhusu kazi hiyo na zihifadhi kumbukumbu zake. M23 iwafungulie wachunguzi makaburi ya Goma, na yasifukuliwe wala kujengwa juu yake kabla ya wataalamu wa uchunguzi wa maiti kufika. Na Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha hapohapo, iwasilishe kwa wakuu wa nchi katika kikao chao kijacho taarifa ya maandishi ya nani ametoa majina na nani amekataa.