Bia Bure, Dafu kwa Fedha

Tangu treni mpya ianze kubeba abiria baina ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, familia nyingi za Kiislamu za bara zimepata njia nyepesi ya kuja Pwani wakati wa likizo za shule na siku za Idd. Wengi hawafikii tena kwa jamaa zao Majengo au Kisauni. Hufikia katika mahoteli ya ufukweni ya Bamburi, Shanzu na Diani, yale ya bei ya kati, yenye bwawa la watoto, mapaa ya makuti na minazi iliyopandwa kwa mstari. Sisi hatusemi kuwa jambo hilo ni haramu. Kuwapumzisha mke na watoto ni katika wema, na Qur'ani imewahimiza watu watembee katika ardhi. Wanaoharamisha kila safari wasituhesabu pamoja nao.

Linalotukera ni bei.

Mahoteli haya huuza malazi kwa namna mbalimbali. Kuna chumba na chai ya asubuhi. Kuna chumba pamoja na milo miwili au mitatu, na kinywaji kila mtu hujilipia. Na kuna hii iliyopendwa mno siku hizi: mgeni hulipa mara moja, akavishwa ukanda wa plastiki mkononi, kisha akala na kunywa bila kutia tena mkono mfukoni. Katika kunywa huko imo bia, umo mvinyo, na vileo vikali vimo. Mwenye hoteli hatoi sadaka. Amekwisha kukisia wageni wake watakunywa kiasi gani, akaigawa gharama hiyo juu ya vichwa vyote. Baba asiyeonja tone na mama aliyejistiri wamelipia sehemu ya chupa ya jirani yao wa meza ya pili.

Idd iliyopita baadhi yetu tulikwenda na familia zetu katika hoteli moja ya aina hiyo, kaskazini ya Mombasa. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa na mlango wa nakshi, viti vya enzi na dele la kahawa la shaba. Mtu angedhani ameingia nyumba ya mzee wa Mji wa Kale. Watoto walifurahi, na pilau, tuseme kweli, ilikuwa pilau. Mchana mtoto mmoja akatamani dafu. Mhudumu akalileta pamoja na karatasi ya kutiwa saini: dafu halimo katika bei. Bia imo. Chini ya minazi, juu ya ardhi ya Pwani, bia bure na dafu kwa fedha! Na muuza madafu mwenyewe alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, nje ya ua, amezuiwa na askari.

Tulikwenda mapokezi tukaomba tupunguziwe thamani ya pombe. "Ustadh, bei ni moja kwa wote," akajibu kijana kwa adabu, naye ni mtoto wetu, hatumlaumu. Meneja akasema hakuna mgeni aliyewahi kuuliza.

Jibu hilo ndilo lililotuumiza, kwa sababu tuliliamini. Tunauliza nyama imechinjwa na nani, kisha tunaridhika. Hadithi mashuhuri aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas inataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe. Mnunuzi yumo, na anayenunuliwa yumo. Watatokea wa kusema: nia yangu ni chumba na chakula. Vyema, basi nunua chumba na chakula! Mlango huo upo, na mara nyingi bei yake ni ya chini. Anayeupita kwa kuwa tu soda za watoto zimo katika ule mwingine, asijifiche nyuma ya nia.

Na wenye mahoteli? Asiyekula nyama huandaliwa chakula chake bila kunung'unikiwa. Wanashindwaje kupanga bei isiyo na kileo kwa watu wanaowajazia vyumba kila Idd? Hesabu wanaijua.

Kabla ya kulipa, iandikieni hoteli maswali mawili: chumba na milo mitatu bila kileo ni bei gani, na dafu ni shilingi ngapi. Mkijibiwa, tuleteeni majibu. Tutayabandika katika mbao za matangazo misikitini, hoteli kwa hoteli.