Mwenye Kipimo Ndiye Mwenye Bei

Katika karakana za Peramiho fundi hafundishwi kukisia. Seremala hupima ubao kabla ya kuukata, na fundi chuma hupima chuma kabla ya kukiunga. Lakini katika mkoa huu huu wa Ruvuma mchimbaji wa yakuti hupeleka jiwe lake sokoni akiwa amelipima kwa macho tu, na mnunuzi ndiye asemaye ni jiwe la namna gani. Hali hiyo haifai kuendelea.

Wasomaji wakumbuke mambo ya mwaka 2001 na 2002. Huko Thailand mawe hafifu ya yakuti, yakiwamo ya Songea na ya Madagaska, yalitiwa katika tanuru lenye joto la nyuzi 1,800 hivi pamoja na madini yenye berili. Yalitoka yakiwa na rangi ya machungwa ipendezayo, yakauzwa kwa bei kubwa kana kwamba yalizaliwa hivyo ardhini. Berili iliyoingia ilikuwa sehemu chache tu katika milioni, na mashine za eksirei zilizozoeleka hazikuweza kuiona, kwa kuwa ni nyepesi mno. Hata jiwe la asili likaingiwa na shaka. Mchimbaji alikwisha kuuza kwa bei ya mawe hafifu. Ongezeko lote likabaki mikononi mwa wengine.

Mwaka 2004 maabara ya vito ya SSEF, mjini Basel, Uswisi, ilianza kuitambua berili hiyo kwa leza, kwa gharama ndogo kuliko ile ya mashine kubwa zilizotangulia. Mwali wa leza, wa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, huipiga nukta ndogo ya jiwe na kuigeuza mvuke uwakao. Kila elementi huwaka kwa rangi zake yenyewe. Chombo huzisoma rangi hizo na kutaja kilichomo papo hapo. Jiwe hubakiwa na kitobo kisichoonekana kwa macho matupu. Viwandani njia hiyo huchambua vyuma chakavu, nayo yaweza kupima makaa ya mawe kama yale ya Ngaka, wilayani Mbinga, ijulikane yatatoa majivu ya namna gani.

Wako watakaosema kwamba chombo hicho ni ghali. Ni kweli, wala hatusemi kila mchimbaji awe nacho. Twasema hivi: tangu mwaka 2019 Serikali imefungua masoko ya madini, basi chombo kimoja kiwekwe katika soko la mkoa, kitumike mbele ya muuzaji na mnunuzi. Kituo cha Jemolojia Tanzania kiko Arusha, mbali mno kwa mtu mwenye jiwe moja mfukoni. Na vijana wa shule zetu za ufundi wafundishwe kukiendesha na kukitengeneza, kwani chombo kisicho na fundi ni pambo la ofisi tu.

Leza haitaji bei, hutaja kilichomo. Lakini ajuaye kilichomo hujadiliana bei akiwa amesimama, si akiwa amepiga magoti.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mali ya ardhini sasa laandikwa kwa mwanga. Hapana budi nasi tujifunze kulisoma.