Fundi alipwe kwa kupima, si kwa kubadilisha

Masika yakishika kwenye bonde la Kilombero, gereji za Ifakara huanza kupokea magari yenye malalamiko yasiyofanana. Toyota Noah imetoka Mlimba na abiria, imepita Chita kwenye tope, na inapofika mjini mshale wa mafuta umelala, sentro loki haifungi, vioo vya nyuma havishuki na taa za mbele zimegoma kuzimika. Injini yenyewe inanguruma bila shida. Dereva anataja matatizo manne, na fundi aliyezoea kazi ya haraka anahesabu spea nne.

Hasara inaanzia hapo. Mwenye gari wa Ifakara, kama wa Morogoro au Dar es Salaam, amezoea kulipia kitu anachoweza kukishika: swichi, mota ya kioo, boksi la kontroli lililotolewa kwenye gari jingine. Saa mbili ambazo fundi amelala chini ya dashibodi na mita mkononi hazina bei. Akidai chochote, anaulizwa amebadilisha nini. Naye ana kodi ya gereji na ada za watoto, basi anabadilisha. Mara nyingi boksi lililotolewa lilikuwa zima, na waya uliokatika umebaki palepale, unasubiri tope la wiki ijayo.

Kupima ni kazi kamili, nayo inastahili malipo yake hata kama mwishoni kilichotumika ni kipande cha waya na lehemu kidogo. Hiyo ndiyo hoja ya makala haya, na ili ieleweke ni lazima mtu ajue kwanza gari la leo linavyozungumza na sehemu zake.

Zamani swichi ilipeleka umeme moja kwa moja kwenye taa. Ukiongeza kioo cha umeme, unaongeza waya. Ukiongeza loki, waya mwingine, hadi mlango mmoja ukawa na furushi zima. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutafuta njia nyingine mwaka 1983, na Februari 1986 ikatangaza mjini Detroit mfumo wake wa CAN. Mercedes-Benz ya daraja la S ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuutumia, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika mfumo huo nyaya mbili zilizosokotwa pamoja zinazunguka gari, na maboksi yote yanapeleka ujumbe humo humo. Boksi la mlango halipeleki umeme kwenye taa ya ndani; linatangaza kwamba mlango umefunguliwa, na lile linalohusika linawasha. Ni kama kikao cha kijiji chenye utaratibu: mwenye jambo zito anapewa nafasi kwanza, wengine wanangoja zamu. Mmoja akipiga kelele bila kunyamaza, kikao kizima kinavunjika, hata kama wengine wote ni wazima. Ndiyo maana waya mmoja ukigusana na bodi, dalili zinatokea pande nne za gari kwa wakati mmoja.

Bonde lenyewe lina namna zake za kuziharibu nyaya hizo. Barabara ya Ifakara hadi Mlimba kwa miaka mingi imekuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, huku mito ikishuka kutoka Udzungwa na kukata njia. Maji yakiingia ndani ya gari, yanajificha chini ya kapeti, mahali ambapo watengenezaji wamepitisha soketi. Wiki chache baadaye shaba inaota kutu ya kijani. Dereva amekwishasahau siku aliyovuka, kwa hiyo haitaji maji hata akiulizwa.

Kuna panya pia. Ardhi ya mpunga ni ardhi ya panya. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro kimewafanyia utafiti kwa miongo kadhaa kwa sababu ya hasara wanayoleta mashambani na ghalani. Gari likilala karibu na ghala au mashine ya kukoboa, ndani ya boneti kuna joto, kuna pumba zilizoangukia, na kuna plastiki ya kutafuna. Juu ya hayo yote wamo binadamu: aliyefunga alamu ya mtumba, aliyeweka redio mpya, aliyetafuta umeme wa spotilaiti. Amechubua waya wa kwanza aliouona, akazungushia tepu nyeusi, akaondoka.

Lakini sehemu ambayo fundi makini huigusa mapema ni bawaba ya mlango. Pale kati ya mlango na bodi kuna mpira wenye mikunjo kama koromeo, na ndani yake nyaya za kioo, loki na swichi zimebanana. Noah ya abiria milango yake ya mbele inafunguliwa na kufungwa kutwa nzima, kila kijiji. Uvue mpira ule taratibu, uvute nyaya moja moja. Waya mzima hukaza. Uliokatika ndani hurefuka kwa ulegevu kidoleni, kwa sababu kilichobaki ni ganda la plastiki tu.

Kabla ya kufika huko, kupima kuna hatua zake. Betri kwanza: ikiwa imepumzika na imejaa, inasoma karibu volti 12.6, na injini ikiwaka inapanda kuzunguka 14. Betri dhaifu hufanya maboksi yaweweseke, na fedha nyingi zimepotea kwa kuruka hatua hii. Kisha fyuzi, na waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Bolti hiyo ikishika kutu, boksi linapata umeme pungufu na kukaa kimya.

Ndipo mita inapelekwa kwenye soketi ya matundu 16 iliyo chini ya usukani. Waya wa hasi wa betri unatolewa, gari linaachwa dakika chache, kisha unapimwa ukinzani kati ya tundu la 6 na la 14. Kwenye gari lenye CAN, kila mwisho wa nyaya una kizuizi cha omu 120, na viwili hivyo kwa pamoja vinasoma omu 60. Ukipata 120, upande mmoja umepotea: waya umekatika au soketi imeachia. Ukikaribia sifuri, nyaya mbili zimegusana. Unachomoa maboksi moja baada ya jingine ukiangalia mita, hadi namba iruke. Ukipata 60 na bado boksi moja liko kimya, njia kuu ni nzima. Kagua tawi la boksi hilo, umeme wake na hasi yake. Hakuna ramli hapo.

Mashine ya kusomea makosa inasaidia, ila inasomwa vibaya mno. Ikiandika U0140, maana yake ni kwamba boksi la bodi halisikiki. Haijasema limekufa. Fundi anayekimbilia Morogoro kutafuta boksi jingine kwa sababu ya namba hiyo amepewa jina la aliyenyamaza, akadhani amepewa chanzo cha ukimya. Na boksi la gari jingine mara nyingi haliingii tu. Linahitaji kufundishwa funguo na mipangilio ya gari jipya, vinginevyo gari linaweza kukataa kuwaka.

Mafundi waliokulia kwenye Land Cruiser za injini ya dizeli ya 1HZ wanastahili heshima yao, kwani magari hayo bado yanafanya kazi bondeni. Hata hivyo testa ya balbu waliyoizoea haifai kwenye nyaya hizi. Mawasiliano yanapita kati ya volti 1.5 na 3.5 tu, na balbu inavuta umeme kupita uwezo wa njia hiyo. Kwenye Toyota za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambapo sehemu ya mfumo wa bodi hutumia waya mmoja, hesabu ya omu 60 haina kazi. Pale unapimwa umeme wa waya wenyewe, kipande kwa kipande, ukifuata mchoro wa gari husika.

Ujuzi huu unafundishika. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi yenye chuo chake cha Kihonda pale Morogoro, ipo kwenye nafasi nzuri ya kuwafikia mafundi wa Kilombero kwa kozi fupi, hata za siku chache, zinazofanyika Ifakara na Mlimba badala ya kumwita fundi afunge gereji na kupanda basi. Kinachohitajika ni mita nzuri, michoro, na gari moja la kuharibu kwa makusudi.

Wenye magari wana hofu ya haki: fundi atatoza fedha ya kupima, kisha aseme hajaona kitu. Dawa yake ni maandishi. Risiti ya kupima ioneshe volti za betri, omu kati ya tundu la 6 na la 14, boksi lisilosikika, na mahali waya ulipokutwa na kasoro. Bei ya juu ikubaliwe kabla ya kazi. Namba hizo fundi mwingine anaweza kuzirudia asubuhi inayofuata, na aliyedanganya ataonekana. Taasisi zenye magari mengi bondeni, kuanzia hospitali na vituo vya utafiti vya Ifakara hadi kambi ya JKT pale Chita, zinaweza kuanza kwa kuweka mstari mmoja zaidi kwenye fomu zao za matengenezo, juu ya mstari wa spea: gharama ya uchunguzi.