CHEO CHA MDOMO! Mrema alipewa, akanyang'anywa, na sisi tukaiga

Ndugu msomaji, chukua Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, pamoja na viraka vyake vyote, uifungue ukurasa kwa ukurasa. Utamkuta Rais, na mamlaka yake utachoka kuyahesabu. Utamkuta Makamu, utamkuta Waziri Mkuu. Sasa mtafute Naibu Waziri Mkuu. Mwite na mwanao anayesoma sekondari akusaidie. Hayumo!

Hata hivyo watu watatu wamekikalia kiti hicho: Salim Ahmed Salim, mpaka alipokwenda OAU mwaka 1989, Augustine Lyatonga Mrema, kuanzia 1993, na Doto Biteko, aliyeteuliwa Agosti 2023. Leo namtaka huyo wa katikati. Alifariki Agosti 2022, na kwetu marehemu hasemwi vibaya. Simsemi vibaya. Nawasema waliompa na waliomnyang'anya, kisha nitatusema na sisi wanamageuzi, maana hatuko wasafi.

Mrema alikuwa mtoto wa Kiraracha, Vunjo, mwalimu aliyegeuka ofisa wa Usalama wa Taifa, kisha mbunge. Mwaka 1990 Mzee Ruksa akamkabidhi Wizara ya Mambo ya Ndani. Wewe uliyekuwa na akili zako wakati ule unakumbuka. Tajiri aliyekula mishahara ya wafanyakazi: siku saba! Polisi aliyelalia jalada: siku saba! Mume aliyetelekeza watoto: naye siku saba! Akina mama walimiminika ofisini kwake kana kwamba ndiyo mahakama ya rufaa. Sungusungu wakapewa baraka, vituo vya polisi vikajengwa kwa nguvu za wananchi. Walalahoi wakasema, tumepata mtu. Na kweli walikuwa wamepata mtu, kwa sababu vigogo wengi wa siku zile hawakuwa na muda wa kumsikiliza mama mwenye mtoto mgongoni.

Lakini ulijiuliza, msomaji, siku saba zile zilitoka katika sheria gani? Hazikutoka katika sheria yoyote. Zilitoka mdomoni mwa waziri, na waziri mwenyewe alitoka mdomoni mwa Rais. Mama aliyesaidiwa Jumatatu hakuacha nyuma yake njia ambayo mama mwingine angeipita Jumanne bila kwanza kumwona Mrema. Mahakama zilibaki na uchelewaji wake, polisi wakabaki na rushwa yao. Siku Mrema alipoondoka wizarani, siku saba nazo zikafungashwa pamoja na virago vyake!

Ndipo uone ujanja wa chama tawala. Mwaka 1993 mtu huyu anayeshangiliwa kuliko mabosi wake akaongezewa cheo, akawa Naibu Waziri Mkuu. Mwishoni mwa 1994 akahamishiwa Wizara ya Kazi na Vijana, na cheo kikayeyuka kama barafu ya ubuyu juani. Haikupigwa kura kukizaa, haikuhitajika kura kukizika. Februari 1995, baada ya kusimama Bungeni kuisema Serikali yake mwenyewe juu ya kashfa ya Chavda, akatupwa nje kabisa.

Watetezi watakukimbizia ibara ya 36, inayompa Rais uwezo wa kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka. Sawa. Na wewe wasomee ya 51: Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa kuchaguliwa jimboni, tena hashiki kazi mpaka Bunge limthibitishe kwa kura. Naibu wake je? Huyo hupitishwa mlango wa uani! Na aliyeingia kwa mlango wa uani hutolewa kwa mlango huohuo, usiku, wakati majirani wamelala.

Sasa tuje nyumbani. Mrema alipofukuzwa, NCCR-Mageuzi ilimpokea kama mvua ya masika. Mabere Marando akampisha kiti cha uenyekiti, yeye akawa katibu mkuu. Vijana wakawa wanalisukuma gari lake kwa mikono, injini imezimwa! Katika uchaguzi wa 1995 alipata asilimia 27.8 ya kura za urais, pamoja na vurugu zote za Dar es Salaam, ambako uchaguzi ulifutwa ukarudiwa Novemba huku wapinzani wakijitoa. Chama kikapata majimbo 16. Mwaka 1996 akashinda ubunge wa Temeke.

Mtaji wote huo tukaufanyia nini? Tukauweka mfukoni mwa mtu mmoja. Marando na Mrema wakagombana, chama kikapasuka pande mbili, kesi zikahamia mahakamani badala ya hoja kwenda Bungeni. Mwaka 1999 Mrema akahamia TLP, na kiti cha Temeke akakiacha. Uchaguzi wa 2000 NCCR ikaambulia jimbo moja. Kutoka 16! Mrema mwenyewe akapata asilimia 7.8, na mwaka 2005 hakufikisha hata moja. Vunjo ilimrudisha Bungeni 2010, ikamkataa 2015. Uenyekiti wa TLP tu ndio haukumtoka mpaka kifo.

Na mwisho wa safari? Mwaka 2016 Rais Magufuli alimteua mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Parole. Mwaka 2020 TLP ikatangaza kwamba mgombea wake wa urais ni huyohuyo wa CCM. Yule aliyeitikisa Ikulu kwa kura za mamilioni akazeeka akiishukuru Ikulu kwa uteuzi. Wapo wanaomcheka. Mimi sicheki, kwa sababu pensheni ya mwanasiasa wa upinzani katika nchi hii iko mikononi mwa Rais, na njaa haina kadi ya chama.

Kile cheo nacho kilifufuka 2023, miaka karibu 30 baadaye, kwa mdomo uleule wa Ikulu. Baraza la Novemba 2025 lilipotangazwa, kiti hakikuwemo tena. Bunge halikuuliza kilikotoka, halikuuliza kilikokwenda. Wabunge walipiga makofi mara zote mbili!

Tunayo haki ya kuwazomea. Ila chama chako kikiitisha mkutano mkuu, usiende na filimbi na kofia tu. Omba nakala ya katiba ya chama. Tafuta kifungu cha ukomo wa uenyekiti, kisha kile cha kumwondoa mwenyekiti anayetaka kuondoka na chama mfukoni. Ukiambiwa na katibu kwamba nakala zimekwisha, mpe siku saba.