Mapezi ya Cadillac na heshima ya mtu mweusi

Macho hayana pazia. Mtu aweza kuwa mcha Mungu, mwenye kuchunga swala zake na ulimi wake, lakini ikimpitia mbele yake Cadillac ya mwaka 1959 atageuza shingo. Zaidi ya miaka sitini imepita tangu motokaa hiyo ilipotolewa kiwandani Detroit, Marekani, na hata leo ikiingizwa mnadani matajiri huigombania. Kuna nini ndani yake? Na je, mtu aliyeitamani alaumiwe?

Kwanza tuitazame yenyewe. Ina urefu wa karibu mita 5.7, upana wa mita mbili na zaidi, na uzito unaopita tani mbili. Injini yake ni ya silinda nane, yenye nguvu za farasi 325. Gari la namna hiyo ukiliingiza katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa halitoki ila kwa kurudi kinyumenyume, na Lamu hata usiitaje. Lakini si ukubwa unaokamata macho. Ni yale mapezi mawili ya nyuma, yaliyosimama kama mapezi ya papa, na kila moja limebeba taa mbili nyekundu zilizochongoka mithili ya ndimi za moto.

Mapezi hayo yana asili yake. Mkuu wa wachoraji wa kampuni ya General Motors, Harley Earl, alivutiwa na ndege ya kivita ya P-38 Lightning iliyokuwa na mikia miwili. Vita vilipokwisha, Cadillac ya mwaka 1948 ikatoka na vinundu viwili vidogo nyuma. Mwaka baada ya mwaka vikakua, hata kufika 1959 vikawa vimefika kilele. Kazi yake ni nini? Hakuna. Havibebi, havivuti, wala havipunguzi mafuta.

Kazi yake ilikuwa ni biashara. Alfred Sloan, aliyeiongoza General Motors kwa miaka mingi, alishika mwendo wa kubadilisha sura ya gari kila mwaka ili mwenye gari la mwaka jana aone haya kulipanda mwaka huu. Akina mama wa pwani hawahitaji kufundishwa somo hili, maana wanajua vyema leso iliyovaliwa arusi ya juzi inavyotazamwa katika arusi ya leo. Tofauti ni kwamba leso ni leso, na Cadillac ni mali ya mtu ya miaka kadhaa.

Anayetaka kuona israfu imevuka mpaka aitazame Eldorado Brougham ya 1957. Bei yake ilikuwa dola 13,074, na kwa fedha hizo mtu angeweza kununua Chevrolet nne mpya na akabakiwa na chenji. Paa lake ni la chuma kisichoshika kutu. Ndani ya gari mliwekwa chupa ya manukato ya Kifaransa, rangi ya midomo, na bilauri zenye sumaku zisianguke. Badala ya springi lilikalia mifuko ya hewa, na mifuko hiyo ikawa inavuja, hata wenye magari wengi wakaing'oa na kurudi kwenye springi za kawaida! Zilitengenezwa 400 mwaka ule na 304 mwaka uliofuata, basi. Kwa gari kama hili hatuna la kulitetea, na dini yetu imekwisha kulisemea.

Hata hivyo, hukumu hii haiwezi kutupiwa kila aliyenunua Cadillac, na hapa ndipo wengi wanapokosea.

Mwandishi Peter Drucker amesimulia kwamba miaka ya mwanzo ya 1930 kampuni ilikuwa haitaki kuwauzia watu weusi magari haya. Mabondia, waimbaji na madaktari weusi waliokuwa na fedha zao taslimu walilazimika kumlipa mzungu akawanunulie. Aliyeligundua jambo hili ni Nicholas Dreystadt, msimamizi wa mafundi, kwa kuwaona wakileta magari yao kutengenezwa. Akawashawishi wakubwa wake wafungue milango. Si kwa huruma, tusidanganyane. Kampuni ilikuwa imebanwa na hali mbaya ya uchumi, na fedha haina rangi.

Walikuwepo waliowacheka wanunuzi hao. Ati mtu anaishi chumba cha kupanga, na Cadillac imeegeshwa mlangoni! Wacheshi hao hawakuuliza kwa nini. Mtu mweusi mwenye fedha hakuruhusiwa kununua nyumba katika mitaa mizuri ya miji mingi. Wazungu waliwekeana mikataba wasimuuzie, na mabenki yakamnyima mkopo. Akisafiri, hoteli zilimfungia mlango. Ndiyo sababu tangu 1936 mtu wa posta mjini New York, Victor Hugo Green, alikuwa akichapisha kijitabu cha kuwaonyesha wasafiri weusi mahali watakapopokewa. Asiyepata pa kulala alilala ndani ya gari lake, na hapo ndipo upana wa kiti cha nyuma unapoacha kuwa maringo.

Mwaka 1949 gazeti la Ebony, la Wamarekani weusi, liliandika tahariri juu ya suala hili hili. Lilieleza kwamba kwa mtu mweusi Cadillac haikuwa gari tu bali dai: mimi ni mtu kama wewe. Bondia Sugar Ray Robinson akaiendesha yake ya rangi ya waridi katika mitaa ya Harlem. Na kijana wa Louisville, Cassius Clay, alipopata fedha zake za kwanza za ngumi za kulipwa mwaka 1960, aliwanunulia wazazi wake Cadillac ya waridi. Huyu ndiye Muhammad Ali wetu, aliyefika Kenya mwaka 1980. Nani kati yetu atamwambia mtoto anayewaenzi wazazi wake kwamba amefanya israfu?

Sisi twaona lawama ina mwenyewe. Aliyechonga pezi lisilo kazi ili jirani amwonee jirani ghera, huyo aulizwe. Pezi lenyewe halikuwa pambo salama. Ralph Nader, katika kitabu chake cha 1965, ameandika habari za mtoto wa kike aliyegonga kwa baiskeli yake Cadillac iliyokuwa imesimama, pezi likamuua. Lakini aliyefungiwa kila mlango, akapata mmoja tu uliofunguka kwa fedha yake halali, huyo tusimpime kwa mizani ya yule wa Brougham na manukato yake.

Cadillac ya mwisho kutoka na mapezi ni ya mwaka 1964. Mwaka huo huo, tarehe 2 Julai, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyozikataza hoteli na mikahawa ya Marekani kumfukuza mtu kwa sababu ya rangi yake.